Endelea Tu

Desemba 2023 niliimba ndani ya nyumba iliyofiwa. Haikuwa ibada. Nilikuwa na koleo mkononi, tope limenifika magotini, na wimbo ulikuwa unanitoka bila mimi mwenyewe kujua kwamba naimba. Nilipogeuka kumwaga tope kwenye toroli nikamwona mwenye nyumba. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amejitanda kanga, ananitazama. Sijui alikuwa amekaa pale kwa muda gani. Mjukuu wake alikuwa amezikwa siku mbili kabla.

Nikanyamaza. Nikatafuta la kusema nikalikosa, nikaishia kusema, "Samahani, mama."

Alinitazama kidogo, kisha akasema, "Endelea tu."

Sijawahi kujua alichomaanisha. Huenda alinisamehe. Huenda alikuwa amechoka kiasi cha kutojali nani anaimba na nani analia. Huenda alitaka tu sakafu yake ionekane tena, na aliona kwamba kijana anayeimba anachota haraka. Niliendelea, ila sikuimba tena, na kuanzia hapo koleo likawa zito.

Wimbo wenyewe ningeweza kuusahau. Ninachoshindwa kusahau ni kwamba saa mbili tatu zile, kabla sijageuka na kumwona, zilikuwa miongoni mwa saa bora za maisha yangu.

*

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa ilinyesha Hanang. Alfajiri sehemu ya mlima ikameguka. Tope, mawe na magogo vikashuka kwa kasi, vikapita Gendabi na Jorodom, vikaingia mji wa Katesh watu wengine wakiwa bado kitandani. Waliokufa walikuwa zaidi ya 80. Kwa kuwa Hanang ni mlima wa volkano iliyolala, wenye urefu wa mita 3,417, wapo waliodhani umeamka. Wataalamu wakaeleza kwamba haikuwa volkano: ni mwamba dhaifu ulionyonya maji mpaka ukashindwa kujishikilia.

Kwetu ni Dirma, huku ambako watu wa ukoo mmoja wapo walio Mbulu na wapo walio Hanang. Tope halikutufikia. Mimi nilikuwa nyumbani tangu nimalize shahada ya kwanza, mwezi wa tano huo natuma maombi ya kazi yasiyojibiwa. Asubuhi naamka, naangalia simu, nachaji simu, naangalia tena. Mama alikuwa ameacha kuniuliza. Habari za Katesh zilipofika nilipanda gari na vijana wenzangu wanne, tukakuta wanajeshi, watu wa Msalaba Mwekundu, magreda, na wakazi wenyewe wakichimba kwa majembe na sufuria. Hakuna aliyeomba cheti changu. Mtu mmoja alinipa koleo, akanionyesha nyumba.

Nataka msomaji aelewe hali hiyo kabla ya kunihukumu au kunitetea. Kwa miezi mitano hakuna aliyekuwa amehitaji kitu chochote nilichonacho. Ghafla mji mzima ukahitaji mikono miwili. Msiba wao ndio ulionipa kazi. Na mwili wangu, ambao haujui maadili, ukafurahi.

*

Mwaka uliofuata nilianza shahada ya uzamili ya saikolojia, na katika muhula wa kwanza nikakutana na jina la kile kilichonipata. Mihaly Csikszentmihalyi, mwanasaikolojia mwenye asili ya Hungaria aliyefundisha kwa miaka mingi Chicago, alikiita kwa Kiingereza neno ambalo sisi darasani tunalitafsiri "mtiririko". Kitabu chake maarufu kilitoka mwaka 1990, lakini utafiti ulianza miaka ya sitini na sabini, alipochunguza wachoraji, wapanda milima, wacheza sataranji na wapasuaji. Watu hawa wa kazi mbalimbali walimweleza jambo lilelile: kuna wakati kazi inakushika mpaka unasahau njaa, unasahau saa, unajisahau mwenyewe, na ukiibuka unatamani kurudi.

Alitaja masharti yake. Lengo liwe wazi. Kila tendo likujibu papo hapo kama umepata au umekosa. Ugumu wa kazi ulingane na uwezo wako: kazi ikikuzidi unaingiwa na hofu, ukiizidi unachoka kwa kukosa cha kufanya. Nilipoisoma orodha hiyo nikaliona koleo. Lengo: sakafu. Jibu: kila koleo linatoa kipande cha sakafu kinachoonekana. Ugumu: tope zito, kijana mwenye nguvu.

Nikamwona na bibi yangu Dirma, msimu wa kupura maharage. Tulikuwa tunatandika turubai uani, tunayamwaga maharage yaliyokauka na maganda yake, tunakaa mmoja huku na mwingine kule na fimbo. Fimbo yake ikipanda yangu inashuka. Mwanzoni unakosea, fimbo zinagongana, bibi anacheka. Baada ya muda zinashika mwendo wake, na tangu hapo hakuna anayehesabu. Jua linahama kutoka ukutani hadi mlangoni bila kuonekana likitembea. Bibi alikuwa na neno la jambo hilo, na si "mtiririko". Mama akitoka kutuambia chai imepoa, bibi anamjibu, "Tuache, tumenogewa."

Hilo ndilo neno la Kiswahili, naamini, na ni bora kuliko tafsiri zetu za darasani. Chakula hunoga, ngoma hunoga, mazungumzo hunoga, na kazi pia. Neno lenyewe liko katika hali ya kutendwa: hujinogeshi, unanogewa. Wapo wanaopenda kusema "kuzama kwenye kazi". Mimi tangu Katesh siwezi kulitumia neno kuzama kwa jambo zuri.

*

Ubongo unafanya nini mtu anaponogewa? Majibu bado yanabishaniwa. Arne Dietrich, mwanzoni mwa miaka ya 2000, alipendekeza kwamba sehemu za mbele za ubongo, zile za kupanga, kujichunguza na kujihoji, hupunguza kazi kwa muda ili nguvu ziende kwenye tendo. Wengine wanaangalia noradrenalini, kemikali inayotoka kwenye kituo kidogo ndani ya shina la ubongo na kuamua kama tutang'ang'ania jambo lililo mbele yetu au tutaanza kutafuta jingine. Mwaka 2014 watafiti wa Ujerumani waliwaweka watu ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawapa hesabu za kujumlisha zilizorekebishwa ziendane na uwezo wa kila mmoja. Hesabu zilipolingana na mtu, shughuli ilipungua katika sehemu ya kati ya mbele ya ubongo, inayohusika tunapojifikiria wenyewe, na katika amigdala, inayohusika na hofu na tahadhari.

Kwa lugha ya nyumbani: yule mtu anayekaa kichwani mwako na kukuuliza "unaonekanaje?", "utafika wapi?", "wenzako wako wapi?", anaondoka kidogo. Tafiti nyingine zinaonyesha jinsi mtu huyo anavyotuchosha. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert waliwauliza watu wazima 2,250 kupitia simu, kwa nyakati zisizotabirika, wanafanya nini, wanawaza nini na wanajisikiaje. Karibu nusu ya mara walizoulizwa, yaani asilimia 46.9, akili zao hazikuwa kwenye kile walichokuwa wanafanya, na kwa jumla akili inayozurura ilikuwa na furaha ndogo kuliko iliyotulia kazini.

Nilipoyasoma hayo nilipata nafuu kwa muda. Kumbe sikuwa mkatili. Ilikuwa ni sehemu ya kati ya mbele ya ubongo. Ningeweza kuishia hapo, nikaandika kazi ya muhula, nikapata alama zangu.

Lakini nafuu hiyo haikudumu, kwa sababu mtu anayeondoka kichwani anaondoka na funguo. Yeye ndiye anayejiuliza "naonekanaje?" kwa kiburi na woga, na yeye huyohuyo ndiye anayejiuliza "naonekanaje mbele ya mama huyu aliyefiwa?". Aibu na adabu zinalala chumba kimoja. Nilipoachiwa moja, niliachiwa zote mbili. Ndiyo maana niliimba.

*

Kuna njia rahisi ya kutoka kwenye swali hili, nayo ni kusema kwamba furaha ni njema popote ilipo. Wiki ileile nilimsikia mtu akiisema. Alikuja kuwafariji watu waliokuwa wamehifadhiwa pamoja, akashika kipaza sauti, akawaambia kwamba maisha ni mtazamo, kwamba wakifikiri chanya watavutia mema, kwamba wasikubali kuwa wahanga. Nia yake sina sababu ya kuitilia shaka. Mbele yangu alikaa baba mmoja aliyekuwa anazungushazungusha funguo ya mlango kwenye vidole. Nyumba ya funguo ile haikuwepo tena.

Saikolojia yenyewe haikumpa msemaji yule ruhusa ya kusema hivyo. Barbara Fredrickson ameonyesha kwa miaka mingi kwamba hisia njema huipanua akili na kutujengea akiba ya baadaye, na hilo nalichukulia kwa uzito. Lakini mwaka 2005 yeye na Marcial Losada walidai pia kwamba upo uwiano kamili unaowatenga wanaostawi na wanaosinyaa: hisia njema 2.9013 kwa kila hisia mbaya moja. Namba hiyo ilizunguka dunia kwenye vitabu na semina. Mwaka 2013 Nick Brown, akishirikiana na Alan Sokal na Harris Friedman, alionyesha kwamba hesabu zilizoizaa hazikuwa na msingi, na jarida lililoichapisha likaiondoa sehemu hiyo ya hesabu. Brown alipoanza kuzishuku hesabu hizo alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, jambo ambalo sisi wanafunzi wa uzamili hatuchoki kulirudia.

Gabriele Oettingen naye amechunguza watu wanaojichorea kichwani picha tamu za mambo yatakavyokuwa. Katika utafiti mmoja wa mwaka 1991, wanawake waliokuwa kwenye programu ya kupunguza uzito na walioota picha tamu zaidi walipungua kidogo kuliko wenzao. Kutarajia kwamba utaweza kuna faida. Kujilisha picha ya kuwa umeshaweza kunaweza kukulegeza.

Hapo naona tofauti ya kwanza kati ya kunogewa na huo mtazamo chanya wa kwenye kipaza sauti. Mtazamo chanya unakutazama usoni na kudai tabasamu. Kunogewa hakudai kitu usoni. Csikszentmihalyi aliandika kwamba mtu akiwa katikati ya mtiririko hata hasemi ana furaha, hana nafasi ya kujiuliza. Furaha huja akiibuka na kutazama nyuma. Bibi yangu angeambiwa afikiri chanya angeuliza, "Kuhusu nini?" Mpe maharage ya kupura.

Wazee wetu wa Kiiraqw hawakumdai mfiwa tabasamu. Baada ya vifo vya aina fulani nyumba ilikaa kando kwa muda, watu wake hawakuchangamana na wengine mpaka kipindi kitimie. Hali hiyo waliiita metimani. Sitamani irudi. Ilikuwa na ukatili ndani yake, hasa kwa wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa, ambao nao walitengwa vivyo hivyo. Lakini ilijua jambo moja ambalo msemaji wetu hakulijua: kwamba huzuni ina muda wake, na kazi ya jirani si kuifupisha.

*

Tofauti ya pili ni ngumu zaidi, na hainitetei.

Csikszentmihalyi mwenyewe alionya kwamba mtiririko ni nguvu kama moto: unapika na unaunguza. Natasha Dow Schüll, mwanaanthropolojia aliyechunguza wacheza kamari wa mashine huko Las Vegas, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 2012 kwamba wengi wao hawakai pale kwa ajili ya kushinda. Wanakaa ili waendelee kuwa mahali ambapo hakuna saa, hakuna deni, hakuna nafsi. Huhitaji kwenda Las Vegas. Kaa kijiweni kokote Manyara uone vijana wa rika langu wakiwa na simu, wanabeti. Lengo wazi, jibu papo hapo, muda unayeyuka. Masharti yote yametimia, na hela ya mbegu imeondoka.

Mfano unaonikaa zaidi ni wa wilayani kwetu. Katika miaka ya sabini na themanini, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma lililoitwa NAFCO lilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Hanang, karibu ekari 100,000. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig. Walikwenda mahakamani, na kesi ya kijiji cha Mulbadaw inasomwa mpaka leo na wanafunzi wa sheria. Miongoni mwa mambo waliyoyalalamikia ni makaburi. Wabarabaig huzika watu wao wa heshima kwa kuwajengea kichuguu kirefu, mahali ambapo jamaa watarudi kusali, na walieleza kwamba vichuguu hivyo vililimwa pamoja na shamba.

Namfikiria dereva wa trekta. Simjui, simlaumu, namwazia tu. Asubuhi ya baridi, udongo mweusi, mstari ulionyooka unaokwenda mpaka macho yanapokoma. Yeyote aliyewahi kulima kwa trekta atakwambia kwamba kunyoosha mstari kunanoga. Injini inakujibu, jembe linakujibu, udongo unafunguka sawasawa. Mbele kuna mwinuko kidogo. Yule mtu wa kichwani, ambaye angeuliza "hiki ni nini?", ameondoka. Jembe linapita.

Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema inaweza kuwa hivyo, na kwamba ndani ya kichwa cha dereva saa ile isingetofautiana na saa yangu ya koleo. Ubongo wake ungepigwa picha, na wangu ungepigwa picha, na mtaalamu asingeweza kusema ni nani anayeondoa tope na ni nani anayelima kaburi. Kwa hiyo utamu wa kazi hauwezi kuwa ushahidi wa wema wake. Kizazi chetu kinaambiwa kila siku kitafute kinachokinogea kisha kikifanye. Ushauri huo unamfaa dereva yule kama unavyonifaa mimi.

Na kinyume chake pia ni kweli: ukavu wa kazi hauthibitishi ubaya wake. John Stephen Akhwari alizaliwa Mbulu mwaka 1938. Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya jiji la Mexico, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, alianguka njiani, akaumia goti na bega. Aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, mguu umefungwa bandeji, giza limeingia, watazamaji wengi wameshaondoka. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kule aanze mbio, ilimtuma azimalize. Kwetu hadithi hiyo tunaisikia kabla ya kujua kusoma. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni hadithi ya moyo mkuu na mtazamo chanya. Sasa naisoma tofauti. Katika kilomita zile za mwisho hakukuwa na mtiririko wowote. Ugumu ulizidi uwezo kwa mbali, kila hatua ilimjibu kwa maumivu, na bila shaka alijua kila dakika yuko wapi na anaonekanaje. Kilichombeba ni kwamba kulikuwa na watu waliomtuma, naye hakuwasahau.

*

Nikirudi kwenye koleo, basi, swali langu limebadilika. Nilianza kwa kuuliza kama lilikuwa kosa kufurahi. Sidhani tena kwamba lilikuwa kosa. Csikszentmihalyi alikuwa mtoto wakati wa Vita Kuu ya Pili, na alisimulia kwamba, watu wa familia yake wakiwa wamepotea na dunia ya wakubwa ikiwa imeporomoka, aligundua sataranji: akicheza, vita vilikoma kwa muda. Nadharia hii nzima ilianzia kwa mtoto aliyenogewa katikati ya maafa. Sitamwambia mtoto yule aache mchezo ili ahuzunike sawasawa.

Ila mtoto yule alikuwa akiisahau huzuni yake mwenyewe. Mimi niliisahau ya mwingine, nikiwa ndani ya nyumba yake. Hapo ndipo ninapoona mstari. Anayenogewa amemruhusu mlinzi wake wa ndani aondoke, kwa hiyo anahitaji mlinzi wa nje: mtu mwenye haki ya kumsimamisha. Bibi alikuwa na mama yangu wa kumwambia chai imepoa. Kijana anayebeti kijiweni ana mashine iliyotengenezwa makusudi ili asisimamishwe na yeyote. Wabarabaig walipaza sauti, wakaenda mpaka mahakamani, na kulima kukaendelea. Mimi nilikuwa na mama kwenye ndoo. Macho yake yalinirudisha kwa mshtuko, na nadhani mshtuko ule ndio uliokuwa sehemu ya adabu katika siku nzima, kuliko zile toroli nilizojaza.

Najua hoja hii ina tundu. Mama yule hakupaswa kupewa kazi ya kunilinda mimi, juu ya msiba wake. Nimejaribu kuliziba tundu hilo nikashindwa. Labda ndiyo maana mila nyingi zinataka wanaochimba kaburi wasiwe peke yao, awepo mzee pembeni asiyeshika jembe, ambaye kazi yake ni kuangalia. Vijana wakianza kucheka anakohoa.

Januari mwaka huu nilipita Katesh nikielekea nyumbani, nikaamua kwenda kumsalimia. Nilikuwa nimejiandaa kumuuliza. Miaka imepita, nikasema, nitamuuliza tu kwa heshima alichomaanisha siku ile.

Nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anapepeta mahindi. Alikuwa amenipa mgongo kiasi. Anarusha, anapokea, anatikisa, makapi yanaruka, anapuliza, anarusha tena. Mabega yalikuwa yanakwenda na ungo. Alikuwa anavuma wimbo kwa puani, taratibu, wimbo nisioujua.

Nilifungua kinywa kusema hodi. Kisha nikafikiri kwamba nikimwita atageuka, na akigeuka ataniona, na akiniona atakumbuka mimi ni nani na alinijuaje, na yote yatarudi uani pale kwa wakati mmoja. Yangerudi tu, leo au baada ya ungo huo kwisha.

Nikashusha begi chini polepole, nikasimama pale getini, nikasubiri amalize.